Kompyuta Inayozima Ghafla Baada ya Kuboreshwa: Utambuzi Kabla ya Tiba

Katika vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi cha kila siku, sawa na mizani ya watoto na kipima shinikizo la damu. Wagonjwa huandikishwa kwayo, dawa zinazotoka stoo huhesabiwa kwayo, na takwimu za mwezi hupelekwa ngazi za juu kwa mfumo wa DHIS2. Tangu kampuni ya Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine za zamani wamejikuta mbele ya uamuzi mgumu: kununua mpya, au kuiboresha iliyopo.

Kuboresha huwa na sura inayofanana karibu kila mahali. Fundi huongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi zake; huondoa diski ya zamani na kuweka diski ya SSD; kisha husimika mfumo endeshi upya. Aghalabu matokeo ni mazuri, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka huwaka kwa sekunde chache. Hata hivyo zipo mashine ambazo, baada ya matengenezo hayo, huanza kuganda, kuonyesha skrini ya buluu au kujizima na kujiwasha zenyewe. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu hiyo kwa nidhamu ambayo wahudumu wa afya tayari wanaijua, na kwa nini mashine iliyo katika hali hiyo haipaswi kuaminiwa taarifa za wagonjwa hadi ithibitike kuwa nzima.

Mfano wa mji wa njia panda

Tinde, mkoani Shinyanga, ni mahali ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika: tawi moja huelekea Shinyanga na Mwanza, jingine Isaka na Kahama. Hupita hapo madereva wa malori, wafanyabiashara wa mazao, na vijana wanaokwenda na kurudi katika machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Katika mji wa namna hiyo mgonjwa aliyepimwa leo huenda kesho yuko mkoa mwingine, na kumbukumbu yake iliyobaki kituoni ndiyo ushahidi pekee wa alichopimwa na dawa alizopewa.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa kituo cha afya katika mji kama huo. Kompyuta ya mapokezi ni ya mezani, ya mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Fundi anaongeza kipande cha RAM cha GB 8, anaweka SSD, na anasimika Windows 11 kwa njia ya mkato, kwa kuwa prosesa hiyo haimo katika orodha inayokubaliwa rasmi na Microsoft. Siku ya kwanza kila mtu anafurahi. Siku ya pili, saa nne asubuhi foleni ikiwa ndefu, mashine inaganda. Siku ya tatu skrini ya buluu inatokea mara mbili, kila mara kwa ujumbe tofauti. Siku ya nne umeme unakatika, na unaporudi mashine inakataa kabisa kuwaka. Fundi anapopigiwa simu anatoa jibu linalojulikana kote nchini: apige Windows upya. Inapigwa. Inatulia siku mbili, kisha inarudia yale yale.

Kwa nini kupiga Windows upya si tiba

Kwa miaka mingi kila homa katika ukanda huu ilitibiwa kama malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, kabla ya kupewa dawa. Sababu haikuwa ubora wa dawa. Homa ina vyanzo vingi, na anayetibu chanzo asichokithibitisha humwacha mgonjwa na ugonjwa wake halisi. Zaidi ya hayo, nafuu ya siku mbili humdanganya mtibu akadhani amepatia.

Kusimika mfumo upya ni dawa ya aina hiyo. Hutibu vizuri kundi moja la magonjwa, nalo ni yale ya programu: faili za mfumo zilizoharibika, virusi, na draiva zisizolingana na vifaa. Hakutibu RAM yenye kasoro, umeme unaoyumba, joto, wala waya uliolegea. Tena, endapo RAM ni mbovu, kila faili inayonakiliwa wakati wa usimikaji hupita ndani ya RAM hiyo kabla ya kufika kwenye diski, na baadhi huweza kufika zikiwa zimeharibika. Mfumo uliosimikwa juu ya RAM mbovu unafanana na kipimo cha maabara kilichofanywa kwa kitendanishi kilichooza: hata kikirudiwa mara tano, jibu halipati thamani. Ndiyo maana mpangilio una uzito. Maunzi huthibitishwa kwanza, mfumo husimikwa baadaye.

Tatizo la kubadilisha mambo mengi kwa pamoja

Daktari anayeanzisha dawa tatu siku moja hawezi kujua ni ipi iliyoleta vipele. Katika mfano uliotolewa, mambo matatu yalibadilika kwa wakati mmoja: RAM, diski na mfumo endeshi. La nne ni njia ya mkato iliyotumika kuuingiza mfumo huo katika mashine isiyokusudiwa. Kila moja linaweza kuwa chanzo, na mawili yanaweza kushirikiana.

Mabadiliko ya maunzi huweza pia kufichua kasoro ya zamani iliyokuwa imelala. Historia ya tiba ina mfano mchungu wa jambo hili. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kipimo cha mionzi kilichopita kiasi, na baadhi yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka mashine iliyotangulia, Therac-20, nayo ilikuwa na kosa lile lile. Therac-20 ilikuwa na vizuizi vya maunzi vilivyolizuia kosa hilo lisilete madhara. Therac-25 iliundwa bila vizuizi hivyo, na kosa lililokuwa limejificha likajitokeza juu ya miili ya watu.

Kompyuta ya mapokezi haitoi mionzi, lakini kanuni ni ile ile. Pawa saplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa ndani, huenda ilikwisha kuchoka miaka miwili iliyopita, ila mzigo wa awali haukuwahi kuibana. Betri ndogo ya ubao mama huenda ilikufa zamani bila mtu kutambua. Mabadiliko mapya hayakuleta magonjwa hayo, yaliyaamsha.

Historia ya mgonjwa

Uchunguzi huanza kwa maswali, na majibu yake huandikwa. Mashine huzima saa ngapi? Ikiwa baridi, asubuhi tu inapowashwa, au baada ya saa mbili za kazi? Huzima ikiwa imetulia au ikiwa programu nyingi zimefunguliwa? Huganda na picha kubaki, huonyesha skrini ya buluu, au hukatika ghafla kana kwamba waya umechomolewa? Taa za chumba hufifia wakati huo? Nini hasa kilibadilishwa, na kwa utaratibu upi? Vipande vya zamani viko wapi?

Majibu hayo pekee hupunguza orodha ya washukiwa. Mashine inayoganda foleni inapokuwa ndefu na madirisha mengi yakiwa yamefunguliwa huelekeza macho kwenye RAM, kwa sababu kompyuta isiyo na kazi nyingi hutumia sehemu ndogo tu ya RAM yake. Kasoro iliyo katika eneo lisilotumika hukaa kimya hadi eneo hilo lijazwe. Mashine inayokatika mara moja bila ujumbe wowote huelekeza kwenye umeme au joto. Ile inayoshindwa kuwaka baada ya umeme kukatika huelekeza kwenye betri ya ubao mama na mipangilio ya BIOS.

Windows yenyewe hutunza jalada la mgonjwa. Katika programu iitwayo Event Viewer hupatikana orodha ya matukio pamoja na saa zake. Tukio Na. 41 la Kernel-Power huwatisha wengi, lakini maana yake ni moja tu: mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ni sawa na kuandika kwamba mgonjwa alizirai. Haisemi kwa nini. Matukio yaliyotangulia hilo kwa dakika chache ndiyo yenye habari.

Ujumbe wa skrini ya buluu, ambayo katika matoleo mapya ya Windows 11 imebadilishwa kuwa nyeusi, nao ni dalili tu. Neno MEMORY_MANAGEMENT huashiria RAM, japo si yenyewe pekee. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR humaanisha kuwa maunzi yenyewe yametoa taarifa ya kosa, liwe la prosesa, RAM, umeme au joto. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE humaanisha kuwa mfumo haukuweza kuifikia diski yake. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi hutokana na draiva mbovu, lakini RAM mbovu huweza kuuleta pia. Wenye uzoefu hutazama mfuatano zaidi ya ujumbe mmoja. Ujumbe ule ule ukirudi kila mara na kutaja faili ile ile, draiva hushukiwa. Ujumbe ukibadilika kila mara, leo hivi na kesho vile, RAM au umeme hushukiwa kwanza. Mashine ya mfano iko katika kundi hili la pili.

Uchunguzi kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kilichopo. Kabla ya kugusa chochote, nakala rudufu ya taarifa huwekwa kwenye diski ya nje, na kazi ya mapokezi hurudishwa kwenye vitabu vya MTUHA hadi uchunguzi uishe. Mgonjwa mwenye hali isiyotabirika hapewi kazi ngumu, na mashine ni vivyo hivyo.

Hatua ya pili ni ukaguzi wa macho na mikono. Umeme huchomolewa, na fundi hugusa chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli, ambao wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na vumbi jingi, hujikusanya mwilini kwa urahisi. Vipande vya RAM hutolewa na kurudishwa hadi vibano vyake viite. Waya wa diski huchomolewa na kuchomekwa tena, au hubadilishwa. Feni na kipoza joto cha prosesa husafishwa. Kipoza joto kilichozibwa na vumbi jekundu la barabarani hakiwezi kutoa joto. Prosesa nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Idadi ya hitilafu zinazoishia katika hatua hii huwashangaza wasioizoea kazi hiyo.

Hapo hapo hukaguliwa ulinganifu wa vipande. RAM ya DDR3 hutumia volti 1.5, ile ya DDR3L huweza kutumia volti 1.35, na DDR4 hutumia volti 1.2. DDR3 na DDR4 haziwezi kuingiliana kwa sababu nafasi ya pengo la katikati hutofautiana, lakini DDR3 na DDR3L huingia katika tundu moja bila kizuizi. Mashine iliyoundwa kwa volti 1.35 pekee, hasa kompyuta mpakato, huweza kukataa kipande cha volti 1.5 au kuyumba kikiwa ndani. Hata vipande viwili vya aina moja, vikiwa na kasi tofauti, huweza kushindwa kufanya kazi pamoja ingawa kila kimoja kikiwa peke yake ni kizima. Dawa mbili nzuri huweza kugombana katika mwili mmoja.

Hatua ya tatu ni kupima RAM. Windows ina kipimo chake kiitwacho Windows Memory Diagnostic. Kipimo kinachoaminika zaidi ni MemTest86, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa nje ya mfumo endeshi. Huachwa ifanye kazi usiku kucha. Tafsiri ya majibu haina mjadala: kosa hata moja ni kosa. RAM nzima haitoi makosa machache; haitoi kosa lolote. Kosa likionekana, kila kipande hupimwa peke yake katika tundu lile lile. Kilichofeli huhamishiwa tundu jingine na kupimwa tena. Kikifeli kila mahali, kipande ndicho kibovu. Kikifaulu katika tundu moja na kufeli katika jingine, tundu ndilo lenye kasoro. Vikifaulu vyote vikiwa peke yake na kufeli vikiwa pamoja, tatizo ni kutolingana.

Hatua ya nne ni umeme. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Panapokuwa na mashine za kusaga au za kuchomelea kwenye laini moja na kituo, volti huweza kushuka kila mashine hizo zinapowashwa. Kipima umeme cha kawaida cha fundi huonyesha mabadiliko hayo. Kompyuta hujaribiwa ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Ikitulia hapo na kuyumba ikiwa ukutani, jibu limepatikana. Ikiyumba kwenye UPS pia, pawa saplai hubadilishwa kwa muda na ile ya mashine nyingine ya aina ile ile.

Hatua ya tano ni betri ya ubao mama, sarafu ya volti 3 ya aina ya CR2032. Kazi yake ni kulinda saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina umeme. Ikifa, kila umeme unapokatika mipangilio hurudi ya kiwandani. Iwapo Windows ilisimikwa diski ikisomwa kwa utaratibu wa AHCI, na mpangilio wa kiwandani ni utaratibu mwingine, mfumo hautaiona diski yake na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE utatokea. Huo ndio msiba wa siku ya nne katika mfano. Anayepiga Windows upya hapo hufuta taarifa zote kwa sababu ya betri ya bei ndogo. Dalili inayosaidia ni tarehe: mashine inayowaka ikidai kuwa mwaka ni 2012 ina betri iliyokufa. Tarehe hiyo potofu pia huzuia tovuti za usalama kufunguka, na huandika mahudhurio ya wagonjwa katika siku zisizo zao.

Hatua ya sita hutenganisha maunzi na programu. Mfumo wa Ubuntu huweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusimikwa na bila kugusa diski. Mashine huachwa ikifanya kazi nzito ndani ya Ubuntu kwa saa kadhaa. Ikizima huko pia, Windows imeondolewa katika orodha ya washukiwa. Ikitulia kabisa, macho hurudi kwenye Windows, draiva zake na diski iliyoibeba.

Hatua ya saba, ikiwa mshukiwa ni programu, ni kuiwasha Windows katika hali salama, ambamo draiva za lazima pekee hupakiwa. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona nguvu ya draiva moja yenye kasoro: sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, zikiwemo za hospitali zilizolazimika kuahirisha huduma. Mashine hizo hazikuwa na kasoro ya maunzi, na nyingi ziliokolewa kwa kuwashwa katika hali salama na kufutiwa faili moja. Katika mashine iliyoboreshwa, draiva huchukuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe. Makusanyo ya draiva yanayozunguka kwenye flashi za mitaani hayafai, wala Windows iliyovunjwa kufuli, kwani haijulikani nani aliigusa na aliweka nini ndani.

Katika hatua zote kanuni ni moja: jambo moja hubadilishwa kwa wakati, matokeo huandikwa, ndipo jingine hufuata. Njia fupi kuliko zote, kama vipande vya zamani havijatupwa, ni kurudi mwanzo: RAM ya zamani na diski ya zamani hurudishwa. Mashine ikitulia, kipande kipya kimoja huongezwa, husubiriwa, kisha kingine.

Hatari isiyozima mashine

Mashine inayozima husumbua, lakini inajitangaza. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyojitangaza. RAM mbovu haiwezi kuchagua itaharibu nini. Leo itaharibu agizo la mfumo na skrini ya buluu itatokea, kesho itaharibu tarakimu katika jalada la mgonjwa na hakuna kitakachotokea.

Ndani ya kompyuta kila tarakimu huandikwa kwa mfuatano wa biti nane, yaani sifuri na moja. Tarakimu 1 huandikwa 00110001. Tarakimu 9 huandikwa 00111001. Tofauti kati yao ni biti moja tu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 11, biti hiyo moja ikigeuka, husomeka kuwa na kilo 19. Kwa dawa mseto ya malaria, ALu, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Biti moja imezidisha dawa mara mbili. Kosa likitokea ndani ya RAM kabla ya taarifa kuandikwa, diski huipokea namba hiyo kama namba halali, huitunza kwa uaminifu, na nakala rudufu huinakili kwa uaminifu ule ule.

Uwezekano wa biti kugeuka hasa mahali hapo ni mdogo, lakini makosa ya RAM si hadithi. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kufuatilia kompyuta za Google kwa miaka miwili na nusu, na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata kosa angalau moja kwa mwaka. Kompyuta hizo zilikuwa na RAM ya kujirekebisha, iitwayo ECC, yenye uwezo wa kugundua biti iliyogeuka na kuirudisha. Kompyuta za kawaida za mezani hazina ulinzi huo. Kwa sababu hiyo kituo kinachotunza hifadhidata yake chenyewe, kama inavyokuwa kwa baadhi ya vituo vinavyotumia mfumo wa GoT-HoMIS, kinafanya vyema kudai RAM ya ECC katika mashine hiyo moja, hata ikiwa nyingine zitabaki za kawaida.

Kuirudisha mashine kazini

Mashine iliyopata utambuzi na tiba hairudishwi zamu siku hiyo hiyo. RAM ikiwa ndiyo iliyobadilishwa, mfumo uliosimikwa wakati wa ubovu hauaminiki tena. Husimikwa upya, na safari hii kupiga Windows ni tiba halali kwa kuwa chanzo kimekwisha kuondolewa. Kisha mashine hufanya kazi sambamba na vitabu vya karatasi kwa wiki moja, na mwisho wa kila siku rekodi chache hulinganishwa. Rekodi zilizoingizwa katika siku za ubovu nazo hupitiwa upya dhidi ya vitabu, kwa kuanza na uzito, umri, dozi na majibu ya maabara.

Diski ya zamani inahitaji uangalizi wake. Katika siku za mwanzo ni bima, na haifutwi hadi mpya ithibitike. Hata hivyo imejaa majina, majibu ya vipimo na magonjwa ya watu, na diski ya GB 500 iliyoachwa kwenye droo ya fundi ni jalada lililoachwa wazi barabarani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Diski hufungiwa kabatini kituoni, huandikwa tarehe, na muda wake ukiisha hufutwa kikamilifu au huharibiwa mbele ya mashahidi.

Hakuna katika hatua hizi linalohitaji vifaa vya gharama. Flashi moja yenye MemTest86, nyingine yenye Ubuntu, betri ya CR2032, brashi ya kuondolea vumbi, kipima umeme na daftari vinatosha kuanzia. Katika mji ambako safari ya kumtafuta fundi mwingine ni ya Shinyanga mjini au Kahama, vitu hivyo ni sanduku la huduma ya kwanza. Lililo muhimu zaidi kati yao ni daftari, kwa sababu mashine iliyobadilishwa kipande bila tarehe wala jina la aliyekibadilisha ni mgonjwa asiye na cheti, na atakayemhudumia mara ijayo atalazimika kuanza kukisia upya.